Mbolea ya Picha

Jumatano, 5 Machi 2025

Jivu kwenye paji la uso. Padri amesema Kwaresima hii tusifunge nyama peke yake, kila mtu afunge kile kinachomtawala. Sikuhitaji kufikiri. Hasira. Nimetoka kanisani na nia safi kabisa, nikafika nayo mpaka zizini.

Hapo ikaniishia.

Ng'ombe wapo, samadi hakuna. Rundo la mwaka mzima, lililokuwa linafika dirishani, limebaki alama nyeusi ardhini. Sikuibiwa. Niliuza mwenyewe, mwezi wa kwanza, kwa watu wa bustani ya loji. Walikuja na trekta wakazoa mpaka vumbi lake. Saa hizi linanenepesha saladi za wageni.

Na nani alinishauri? Leonce. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, leo ni mwenyekiti wa kijiji. Mwaka jana alikaa jikoni kwangu, akanywa chai yangu, akasema dada, samadi ya nini tena? Ruzuku inakuja. Mradi wa Jembe Imara. Mbolea ya kupandia, kila kaya, kabla ya mvua. Kazi yetu ni kujenga ghala tu, maana mradi haushushi mbolea pasipo na ghala.

Tukajenga. Mawe tuliyatoa korongoni kwa vichwa vyetu, wanawake mbele. Hata Mama Selestina, na miguu yake ile iliyovimba. Ghala limesimama tangu kabla ya Krismasi: bati jipya, kufuli jipya, ufunguo kwa Leonce. Ndani wanalala popo.

Mawingu yameanza kukaa juu ya msitu. Mbolea haijaonekana. Na mimi nimefunga hasira — haya, tutaona.


Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimekaa na Laurencia, binti wa Mama Selestina aliyeolewa Ganako. Amekuja kumwangalia mama yake. Kaniambia jambo, nikadhani anatania.

Kwao mbolea ilifika wiki iliyopita. Turubai, spika, mgeni rasmi, mifuko imepangwa mbele kama altare. Mmoja mmoja wakaitwa, wakabebeshwa mfuko, wakapigwa picha. Mgeni rasmi alipoondoka, wakaambiwa mifuko irudi kwenye lori kwanza. Kwa ajili ya taratibu.

Taratibu! Lori likaondoka nazo hizo taratibu, halijarudi mpaka leo.

Nikamfuata Leonce pale pale nje ya kanisa. Nikamuuliza vizuri, kwa sauti ya Kwaresima. Akacheka. Eti watu wa Ganako wana maneno mengi, labda walikosea kujiandikisha. Halafu akawageukia wanaume wenzake akasema dada yangu sasa amekuwa upinzani. Wakacheka wote.

Nami nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa. Kwa nini nilicheka?


Jumanne, 11 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, mpaka sasa haijakata. Udongo umelainika vizuri. Jirani wa bondeni ambaye hakuuza samadi yake ameshafunga ng'ombe kwenye plau. Namwona kutoka hapa. Namsikia anavyowapigia mluzi.

Mimi nimekaa mlangoni kama mgeni kwenye shamba langu.


Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa Leonce kuuliza siku ya mbolea. Hakuwepo. Wifi yangu Blandina alikuwa uani, anafua. Nikadhani ni nguo. Ni mfuko. Mfuko mweupe wa nailoni, ameugeuza ndani nje, anautakatisha ili atunzie maharage. Pembeni ilikuwepo mingine, imeanikwa juu ya ua.

Jembe la bluu limechapwa pale. JEMBE IMARA. MBOLEA YA RUZUKU. HAIUZWI.

Blandina aliona kwamba nimeona. Akauzamisha ule mfuko kwenye beseni, akaongeza sabuni. Tukaongea habari za watoto. Tukaongea habari za kuku wake wanaotaga vichakani. Akanipa chai, nikanywa mpaka kikombe kikaisha. Hakuna aliyesema mbolea. Mwanamke huyu simchukii, naye hapewi nafasi ya kusema nyumbani kwake. Lakini alishindwa hata kuniangalia.

Nimerudi kwa njia ya nyuma, kupitia shambani kwao. Mahindi yameshachipua. Kijani kile cha kushiba, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa. Alipanda mapema, kwa manyunyu ya mwezi wa pili, kimya kimya, huku mimi nikiambiwa nisubiri.

Nimefika nyumbani nimepiga teke ndoo, ikapasuka. Ndoo nzuri. Padri anisamehe. Na ndoo inisamehe.

Sijamwambia mtu. Ni damu yangu. Nikisema, kijiji kizima kitajua leo leo, na mama yetu huko kaburini atanisikia ninavyomvua nguo mwanaye. Kwa hiyo nimeimeza siri hiyo.


Jumatatu, 17 Machi

Patrisi kapiga simu. Yuko kambini kule juu, ukingoni mwa Kreta, lile bonde la wanyama, anapikia watalii. Msimu huu hapati likizo. Nimemweleza yote. Kwa mume wangu siwezi kuficha.

Kasema panda hivyo hivyo. Kasema Leonce ni ndugu yako, usimwaibishe, na hawa watu wa miradi wanakumbuka sura, mwakani watakuruka. Sauti ya upole kama kawaida yake, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Nikamwambia: huko uliko unakatakata mboga zilizooteshwa kwa samadi yangu.

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Baadaye nimepanda nusu ya shamba. Bila kitu. Nimefukia mbegu kama ninayezika. Mvua haingojei mradi wa mtu, lakini hilo shamba nalijua, bila kulilisha linakupa magunzi. Nusu nimeiacha. Bado nasubiri, mjinga mimi.


Alhamisi, 20 Machi

Kumbe ni kesho. Uzinduzi! Leonce kapita na kipaza sauti nyuma ya bodaboda: wote tufike, tuvae vizuri, wanawake mbele.

Mchana lori la Fuso limefika na turubai na viti. Na mifuko — imefunikwa, lakini nimeiona. Dereva kaja kwangu kuomba maji ya rejeta. Mmaasai, mrefu, shuka juu ya ovaroli. Jina lake Simel, kwao Piyaya. Aliniita yeyo, kama wanavyowaita mama zao, nikampa na chai.

Nikamuuliza bila kuzunguka: hiyo mbolea ni ya kushuka hapa au ya kupita?

Akazungusha kikombe. "Yeyo, mimi ni dereva tu. Nikisema, kesho anaendesha mwingine."

Nikamwacha anywe. Kabla ya kuondoka ndipo akasema habari za kwao, kama anayebadilisha mazungumzo. Kwamba kuna mradi mwingine uliwahi kufika na chanjo ya ng'ombe. Ng'ombe waliopigwa picha ndio waliochanjwa. Wengine wakaambiwa wangoje awamu ya pili. Baba yake aliingoja awamu ya pili mpaka zizi likanyamaza. Sasa mzee amebaki na fimbo, na mtoto wake anaendesha lori la mradi.

"Hii mifuko," akasema, "nimeipakia na kuishusha mpaka naijua sura."

Akashukuru kwa chai, akaenda.

Nimemkuta Leonce anapanga viti. Nikamwambia ninachojua. Safari hii hakucheka. Kasema kwa sauti ya chini kwamba vijiji vyote vitapata, uzinduzi ukishaisha kila mahali, ameahidiwa na wakubwa, tuwe na subira kidogo. Nikamuuliza kama yeye alikuwa na subira. Akajua hapo hapo kwamba nilifika kwake.

"Ile ilikuwa ya shamba darasa, dada."

Shamba darasa. Darasa! Nani amefundishwa pale? Mwanafunzi ni nani, kuku wa Blandina?

Nimeondoka kabla sijamwinulia mkono. Mtu mzima, mwenyekiti, na mimi nilikuwa natafuta kiti cha kumtupia.


Ijumaa, 21 Machi



Tulifika wote. Vitenge, fulana za mradi, muziki unapasua masikio. Mgeni rasmi alichelewa, akaja, akahutubia muda mrefu kuhusu kilimo cha kisasa kwa watu ambao walipaswa kuwa shambani. Halafu wakaanza kuita majina. Jina la kwanza: Marsela. Mimi. Leonce ndiye aliyenipanga pale, najua. Alidhani nikishaubeba mfuko nitanyamaza.

Wakanitwisha. Uzito wake ule shingoni — nikasikia mwili unaamini, ingawa kichwa hakiamini. Mpiga picha akasema mama tabasamu. Nikatabasamu. Iko huko, picha yangu natabasamu. Mama Selestina baada yangu, mfuko wakauegemeza kwenye magoti yake kwa sababu hawezi kutwishwa. Wengine wakafuata. Makofi kila mmoja.

Mawingu yakaja kutoka upande wa Kreta. Mgeni rasmi akaondoka haraka kabla barabara haijaharibika. Gari lake halijapotea kwenye kona, afisa wa mradi akashika kipaza sauti. Kijana wa shati la bluu na mabuti masafi. Akasema mifuko yote irudi kwenye gari, ni utaratibu wa kawaida, tutaarifiwa.

Watu wakatazamana. Na hapo hapo, simu zikaanza kulia. Ya huyu, ya yule, mifukoni, kwenye vitenge, uwanja mzima unalia kama vifaranga. Nikafungua yangu. *Ndugu mkulima, hongera kwa kupokea mbolea yako ya ruzuku. Lima kwa tija.*

Nimesoma huku vibarua waliokuja na lori wananitolea mfuko miguuni.

Tungewazuia pale pale. Hatukuwazuia. Sijui ni nini hutushika, ni heshima au ni woga, vimefanana sana. Tulisimama na hongera zetu mkononi tukaangalia mbolea inapakiwa.

Mvua ndiyo iliyotusaidia. Ilishuka yote kwa pamoja. Fuso ilipofika pale kwenye mteremko chini ya kanisa ikateleza, ikalala upande wa mtaro, tairi za nyuma zikazama kwenye tope jekundu mpaka ekseli. Simel kajaribu mbele, kajaribu nyuma, ikazidi kuzama. Ni dereva mzuri. Sitaki kuwaza zaidi ya hapo.

Afisa akaja mbio, mabuti si masafi tena. Akaita vijana wasukume. Na vijana wetu wamezoea, kila msimu wanasukuma magari ya watalii hapo. Walishaanza kukunja suruali. Ndipo Mama Selestina akafika, polepole, akaangalia lori, akaangalia jiwe lililo kando ya njia, akakaa. Akasema kwa Kiiraqw kwamba miguu yake imechoka na haoni haraka iko wapi.

Nikakaa karibu naye. Kwenye tope, na kitenge changu kipya. Wengine wakakaa. Vijana wakakunjua suruali zao.

Afisa akasema hii ni mali ya serikali na tunaichezea. Mama Selestina akamjibu, safari hii kwa Kiswahili chake cha shida: "Hatujaiba. Tumepewa mbele ya kamera."

Afisa alipoona hatusogei alipanda bodaboda kwenda Karatu kutafuta wakubwa. Akabaki Leonce. Kofia inachuruzika, koti la mwenyekiti limemganda mwilini. Akaja mpaka mbele yangu akachuchumaa, akaniomba niwaambie watu wasukume, eti mimi watanisikiliza. Nikamwambia mwenyekiti si mimi.

"Dada, usinitie aibu."

"Jibu hapa watu wakisikia," nikasema. "Mbolea hii ni yetu au si yetu?"

Nilimwona jinsi alivyokuwa mtoto, akivunja kitu na kutafuta pa kukimbilia. Mwisho akasema, "Ni yenu."

"Basi inaenda wapi?"

Akainuka, akapanda njia ya kwake, hakugeuka nyuma.

Sikuwaambia habari za shamba darasa. Lilifika mpaka kwenye meno. Sijui nimemlinda yeye au mama yetu. Simel kakataa kuja kulala nyumbani, kasema hawezi kuacha gari. Wanaume wamebaki naye, wamewasha moto chini ya turubai. Tumewapelekea makande.


Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi simu ya Simel imelia tukiwa tumesimama pale. Afisa. Simel akaweka sauti ya nje, kama kwa bahati mbaya. Sote tukasikia. Kijiji kinachofuata watu wameshakusanyika na mgeni rasmi yuko njiani. Lori litoke sasa hivi. Kama ni zito, shusha mifuko yote, lipande tupu, halafu mpakie tena.

Simel akauliza kwa adabu, uso umenyooka kabisa, aishushe wapi mbolea kwenye mvua hii.

"Pakavu! Huna akili?"

Afisa akakata. Tukatazamana. Pakavu hapa ni mahali pamoja tu, ghalani. Tumepajenga kwa vichwa vyetu.

Nimeenda mwenyewe kwa Leonce. Blandina alifungua mlango kabla sijagonga. Hakusema shikamoo, hakusema karibu. Kasema, "Mchukue, wifi." Leonce alikuwa kwenye kiti amevaa nguo za jana. Sikumbembeleza. Nilimwambia kwamba afisa ameagiza mbolea ishushwe pakavu na ghala limefungwa. Akaniangalia. Nadhani alielewa haraka kuliko sisi wote, kwa sababu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akachukua ufunguo ukutani.

Wamebeba vijana, wamebeba wanawake, hakuna aliyeimba, hakuna aliyeongea. Ni kushuka na kupanda tu kwenye ule utelezi. Popo wakatoka. Mfuko wa mwisho ulipoingia, Fuso ikapanda mteremko bila mtu kuisukuma. Simel akaiegesha juu, akainua kabini, akaegemea pale mikono kifuani. Kasema injini imepata maji, hajui itakauka lini.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Wengine wanasema tugawane sasa hivi, kila mtu akimbie nayo shambani. Mama Selestina yuko upande huo, anasema amezeeka, hana muda wa mikutano. Mimi nimesema tukikimbia nayo tutakuwa wezi, ikikaa humu imepokelewa, na simu zetu zote zinasema hivyo hivyo. Hatujakubaliana. Bado wanabishana, nasikia sauti mpaka hapa.

Leonce alifunga kufuli. Nilijua kinachofuata: ataweka ufunguo mfukoni, ataenda kusimama barabarani kumpokea afisa, na atafungua. Nilikuwa nimeshajiandaa kumzuia kwa mwili wangu. Badala yake akavua viatu vyake vilivyojaa tope, akavipanga pembeni, akakaa kwenye kizingiti cha ghala, mgongo kwenye mlango.

Halafu akawaambia watu, mimi sikumwomba, kwamba yeye alishapata ya kwake mwezi wa pili, akaipandia. Akasema hivyo hivyo, bila kisingizio cha shamba darasa. Jamaa mmoja alimtemea mate karibu na miguu. Hakusogea.

"Watakuja na polisi," nikamwambia.

"Najua. Dada, nenda kaweke chai. Hapa nitakaa mimi."

Sijamsamehe. Naandika hili ili baadaye nisijidanganye. Mahindi yake yako juu ya kisigino na mimi nimezika mbegu kavu, na mtu hawezi kukaa kwenye kizingiti asubuhi moja akafuta hayo. Lakini nimekuja kuweka chai.

Nimeitia tangawizi, anavyoipenda. Imechemka. Nimeijaza chupani.

Magari yanakuja kutoka barabara kuu, nasikia yanavyounguruma kwenye tope. Kule ghalani kelele za kubishana zimekatika ghafla. Siyo gari moja. Navaa mabuti.